Marathoni ya Emrys Amina

Jumapili moja, kanisani Bethania, baina ya tangazo la chai ya akina mama na tangazo la choo cha ukumbini kinachovuja, Baba alitangaza kwamba atakimbia marathoni. Alisimama kwenye Kiti Kikubwa, lile benchi la wazee wa kanisa lililo chini ya mimbari, linalowatazama waumini kama benchi la washtakiwa. Akapandisha suruali iliyokuwa imeshuka chini ya tumbo, akasema:

"Ndugu zangu, mwezi wa nne nitakimbia marathoni ya Newport. Nitaichangishia ile nyumba ya hospitali. Nimemwahidi Mungu."

Mama, aliyekuwa akitafuta peremende mkobani, alibaki na mkono humo humo.

"Amina," akasema Baba mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyesema.

Kusema amina ndiyo kazi yake kanisani. Bondeni kwetu kila mtu wa pili ni Jones na wa tatu ni Evans, basi tunaitana kwa yale tunayojulikana nayo. Dai Mkate anaoka mikate. Jones Maiti anazika watu. Baba ni Emrys Amina, kwa sababu ya sauti. Mimi ni Iolo Bado. Nilipomaliza shule watu waliniuliza kama nimepata kazi, nikasema bado, wakauliza tena Krismasi, nikasema bado, wakaacha kuuliza. Jina hilo litaandikwa kwenye kaburi langu, kwa sababu hapa kwetu jina likishakukaa halibanduki.

Na neno likishasemwa kutoka Kiti Kikubwa halirudi. Babu alisema kutoka pale kwamba ameacha bia, akafa miaka mingi baadaye akiwa na kiu na hasira.

Nje, mlangoni, wanaume walimzunguka Baba. Kila mmoja alikuwa akiliangalia tumbo lake, na kila mmoja alijifanya anaangalia hali ya hewa.

"Imani kubwa hiyo, Emrys," alisema Dai Mkate. "Mimi naahidi pauni mia. Ukimaliza lakini. Si ukianza."

"Nitamaliza."

"Sijasema kitu. Nimesema ukimaliza."

Jones Maiti yeye alirudi hatua moja nyuma, akainamisha kichwa upande. "Emrys, hebu simama wima kidogo."

"Ili iweje?"

"Hakuna, hakuna. Mazoea ya kazi tu."

*

Nyumba ya hospitali ni ile ya wazazi wa watoto wagonjwa, ambamo dada yangu Non alilala bure alipojifungua Mabli. Mabli alizaliwa njiti, uzito wake kama pakiti moja ya sukari. Wakamweka kwenye sanduku la kioo huko Cardiff, mirija imemwingia kila mahali, nasi tukakaa kwenye ukumbi wa kupitia tukitazama viatu vyetu. Daktari alipotuambia tujiandae, Baba aliondoka akaenda kusimama kando ya mashine ya kuuza krispi. Pale ndipo alipofunga mapatano na Mungu. Kwa nini marathoni? Kwa sababu ukutani mbele yake palikuwa na bango la marathoni. Lingekuwa bango la kuruka na parachuti, hadithi hii ingekuwa fupi zaidi.

"Mwache huyu mtoto," alimwambia Mungu, "nami nitaikimbia hii, yote."

Mabli akabaki. Na tangu siku hiyo Baba akawa na hofu moja ambayo hakumwambia mtu: asipomaliza, Aliyemwacha Mabli atakuja kumchukua. Mimi nilikuja kuyajua haya baadaye. Nawaambia mapema ili msimcheke bure kama nilivyomcheka mimi.

*

"Mazoezi unaanza lini?" Mama aliuliza mchana ule, akipakua mchuzi wa kondoo na viazi.

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kupiga kinanda. Ya marathoni, Emrys!"

"Sifanyi mazoezi." Baba alikata mkate kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kufikiria jibu tangu kanisani. "Nimeahidi kwa imani. Nikianza kufanya mazoezi, ni kama namwambia Mungu, nisaidie, lakini kwa kuwa sikuamini sana, nimejipanga mwenyewe. Waisraeli walifanya mazoezi kabla ya kuvuka bahari?"

"Waisraeli walikuwa wanatembea! Wewe unawasha gari kwenda kwa Dai Mkate, na kwa Dai Mkate tunapaona kutoka dirishani."

Non alicheka mpaka Mabli akaruka mapajani mwake. Mimi nilicheka mpaka mchuzi ukanitoka puani.

"Cheka," Mama akaniambia. "Cheka sana. Nimekuandikisha na wewe."

"Mimi?"

"Wewe, kijana. Una miaka ishirini na mmoja na mapafu mapya, hujayatumia. Utakimbia kando yake. Akibadilika rangi, mkalishe chini."

"Akibadilika rangi gani?"

"Yoyote isiyo yake."

Mngetarajia kwamba kanisa zima la watu wazima lingepata hata mmoja wa kumwambia Baba ukweli. Wapi! Kumwambia afanye mazoezi kulikuwa ni kumwambia aiache imani, na nani atataka kusikika akisema hivyo Bethania? Basi wote waliokuwa wakimwona akihema kwa kupanda ngazi nne za kanisa walimpigapiga bega wakasema, "Bwana yu pamoja nawe, Emrys," kisha wakaenda kando kuulizana anapenda nyimbo gani za mazishi.

Mchungaji Heulwen alijaribu. Alikuja nyumbani, akakaa, akapewa chai na keki za kikaango zenye zabibu kavu.

"Mzee Emrys," alianza, "hata mtume Paulo aliandika habari za wakimbiaji, jinsi wanavyojitayarisha."

"Aliandika, Mchungaji," Baba akakubali. "Lakini hakuandika kwamba alikimbia."

Mchungaji alikula keki tatu akitafuta jibu, akaaga. Najua, kwa kuwa aliniambia mwenyewe mlangoni, kwamba tangu siku hiyo alikuwa akiomba dhoruba ili mbio zifutwe.

Mimi nami sikufanya mazoezi. Kisingizio changu hakikuwa imani, kilikuwa mvua.

*

Wiki chache kabla ya siku yenyewe, nikitoka kutazama kama kituo cha mafuta kinahitaji mtu (hakikuhitaji), nilikata njia nyuma ya uwanja wa raga. Kulikuwa na mtu uwanjani peke yake. Amevaa koti la mvua na viatu vya kanisani, vile vyeusi vinavyong'aa, na alikuwa akikimbia.

Nasema kukimbia kwa kumheshimu tu. Alitoka kwenye goli moja, akafika kabla ya mstari wa kati, akasimama, akainama, akashika magoti. Akajikokota akarudi kwenye goli, akaukumbatia mlingoti kama mlevi anavyokumbatia rafiki. Akaanza tena. Safari hii alifika karibu zaidi na alikotoka.

Ningeondoka kimyakimya, lakini mbwa wa mtu alibweka, Baba akageuka akaniona. Uso wake ulikuwa mwekundu kama nyama buchani.

"Funguo," alisema. "Nimedondosha funguo."

"Nikusaidie kutafuta?"

"Nimeziona."

Tulirudi nyumbani pamoja, mimi na yeye na hizo funguo. Nilikuwa na mizaha kama minane tayari mdomoni. Kwa mara ya kwanza maishani nilimeza yote, kwa sababu ilinijia pale njiani kwamba mtu mwenye imani hajifichi nyuma ya uwanja wa raga. Yule alikuwa mtu mwenye woga. Ila woga wa nini, hilo sikulijua.

"Baba, unaweza kusema umeumia goti," nilimwambia tulipofika getini. "Watu wataelewa."

"Watu, ndiyo," alisema, akafungua mlango.

*

Dhoruba ya Mchungaji haikuja. Asubuhi ya mbio ilikuwa nzuri, baridi kidogo, jua jeupe.

Fulana za shirika la hisani zilikuwa zimekuja kwa posta, ya Baba ikiwa ndogo kwake saizi mbili. Mama aliipasua pembeni akaongeza kitambaa cha pazia la zamani la kanisa, zambarau, lenye nyuzi za dhahabu. Baba alionekana kama askofu aliyeibiwa suruali. Mimi ya kwangu ilinipwaya, nikaonekana kama mtoto aliyetumwa kumtafuta askofu.

Bunduki ya kuanzisha mbio ililia. Watu wembamba wakatoweka. Sisi tukaondoka kwa mwendo ambao Baba huutumia akibeba jeneza, na kusema kweli ni mwendo mzuri, una nidhamu. Tukapitwa na ndizi, maana wachangishaji wengi hukimbia wamejivika vituko. Tukapitwa na mashine ya kufulia yenye miguu ya mtu. Tukapitwa na ng'ombe wa watu wawili, na yule wa nyuma, sehemu ya makalio, alikuwa akiimba. Kila aliyetupita Baba alimwinulia kofia.

"Habari za asubuhi. Habari za asubuhi, mama. Pita tu, bwana, pita."

"Baba, acha kuwasalimia, unapoteza pumzi."

"Adabu haimalizi pumzi."

Wa kwanza kuishiwa pumzi nilikuwa mimi. Kabla hata hatujaliacha daraja la kutokea mjini, kitu kilinichoma ubavuni, na soksi nilizokopa kwa Non zikaanza kunila visigino. Mlinzi wa Baba, aliyepewa kazi ya kuchunguza rangi, alikuwa amebadilika rangi mwenyewe. Baba alinisubiri penye nguzo ya taa.

"Mapafu mapya," alisema kwa upole. "Yanahitaji kuzoea."

Tukatembea, tukakimbia, tukatembea. Tulipita mashamba, ng'ombe wa kweli wakatutazama. Watu waliosimama malangoni mwao walitupigia makofi, kisha makofi yakapungua, kisha tukawakuta wengine wanarudisha viti ndani. Mtoto mmoja alimuuliza mama yake, "Hawa nao wako kwenye mbio?" Mama yake akasema, "Shh, piga makofi."

Baada ya nusu ya njia, miguu ya Baba ilikaza. Haikuwa ghafla. Kwanza alianza kuchechemea, kisha akawa anatembea kama mtu aliyevaa mabomba ya maji. Mwishoni akakaa kwenye ukuta mfupi wa bustani ya mwanamke aliyekuwa akigawa vipande vya machungwa.

"Kula, mpenzi," mwanamke alimwambia. "Kula mawili."

Baba alishika chungwa, hakula. Nyuma yetu, mwisho wa barabara, likatokea lile basi la kuwaokota waliochelewa, taratibu, taa za manjano zikizunguka.

"Haya," nikasema, "gari letu hilo. Viti laini. Tumejitahidi, Baba. Hakuna atakayetucheka, isipokuwa wote."

Hakucheka. Nilimwangalia vizuri. Alikuwa analia, bila sauti, huku akilitazama chungwa.

"Hujui nilichosema," aliniambia. "Pale hospitali. Sikusema nitajaribu. Nilisema yote. Nilisema amwache mtoto, nami nitaikimbia yote. Sasa nikipanda lile basi, Iolo... nikipanda, nitarudije nyumbani nikamtazame Mabli?"

Mimi ni mtu wa mzaha. Nina mzaha wa msiba, nina mzaha wa kukosa kazi, nina hata mzaha wa meno ya Mchungaji. Pale ukutani nilitafuta kila mfuko, nikakuta hakuna kitu.

Basi likasimama. Kijana wa koti la manjano akatoa kichwa. "Wazee wangu, pandeni. Barabara inafunguliwa."

Alisema wazee wangu. Nilikuwa nimemzidi labda mwaka mmoja.

"Tukikataa?" nilimuuliza.

"Mnanipa namba zenu, mnapita kando ya barabara. Mnakuwa watembea kwa miguu tu. Si mbio tena."

"Lakini njia ni ile ile?" Baba akauliza.

"Njia? Njia ni ile ile, mzee. Haijahamishwa."

Baba alianza kubandua namba kifuani. Pini ikamchoma, nikamsaidia. Akaikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha kitabu cha nyimbo. Kisha akakishika kichwa changu, akajiinua.

*

Bila namba, tulikuwa wanaume wawili wenye kaptula mbele ya duka la mazulia. Magari yalirudi barabarani. Kwenye kila taa tulisimama na watu wanaotoka sokoni, tukisubiri kuruhusiwa kuvuka. Marathoni hiyo! Kibibi mmoja kwenye kituo cha basi alilitazama lile pazia la zambarau, akatazama magoti yangu, akafungua kikoba akamwekea Baba sarafu ya pauni mkononi.

"Mnywe chai, wanangu. Msiinywee bia."

Nilitaka kufa. Baba akamwinulia kofia. "Asante, mama. Itaenda kwenye nyumba ya hospitali." Akaitia ndani ya soksi, tukaendelea.

Baba alipoingia choo cha umma, nilimpigia Non simu. Nilimwambia yote, haraka, kabla sijapata nafasi ya kuyapamba. Mabli alikuwa akipiga kelele upande wa pili.

"Yuko wapi sasa?" Non akauliza.

"Chooni. Anaongea na miguu yake."

"Mlete," akasema. "Mlete tu."

Tulifika jua likiwa limeanza kulegea. Mwisho wa mbio haukuwepo. Lile lango la kujazwa upepo lilikuwa limelazwa chini kama nyangumi aliyekufa, saa kubwa imeshapakiwa, na wafanyakazi walikuwa wakikusanya vizuizi vya chuma na kuvirusha ndani ya lori. Mama, Non na Mabli kwenye kigari chake walikuwa wamesimama peke yao kandokando ya mto. Mama alianza kupiga makofi. Mtu mmoja akipiga makofi mahali patupu, ni afadhali asipige.

Baba hakuwaendea. Alimwendea mfanyakazi mwenye glavu.

"Samahani, bwana. Mstari ulikuwa wapi?"

"Mstari gani?"

"Wa kumalizia."

Mfanyakazi alijikuna shingo. "Hapa hapa. Baina ya lile pipa na hili lori. Ila lori nimelisogeza."

Baba akatembea kutoka penye pipa mpaka penye lori. Akasimama, akafikiri. Akarudi, akapita upande wa pili wa lori. Kisha akaenda mbele zaidi, akaligusa pipa la pili, kwa usalama, akageuka tena, uso umemjaa wasiwasi.

"Huenda ulikuwa kule kwenye mti," alisema. "Iolo, kwani ulikuwa kule kwenye mti?"

"Baba," Non akaita.

"Subiri, mwanangu, nimalizie."

"Baba, mimi niliahidi kuacha sigara."

Baba akasimama.

"Siku ile ile," Non alisema, akisukuma kigari kuja. "Wewe ulikuwa kwenye mashine ya krispi, mimi nilikuwa ndani, nimeweka mkono kwenye kile kioo. Nikasema, mwache, sitavuta tena mpaka nife. Sikumaliza hata wiki, Baba. Navuta nyuma ya nyumba, kila siku, unadhani ni moshi wa jirani. Na huyu mtoto amenenepa mpaka naumwa mgongo."

Mama alikohoa. "Mimi niliahidi sitamsengenya tena mke wa Jones Maiti."

Tukamgeukia wote. Mama akatazama mto.

"Nilivunja tulipofika kwenye maegesho tu," alisema.

"Na wewe?" Baba akaniuliza.

"Mimi nilikuwa nimelala kwenye kiti."

Alitutazama mmoja mmoja, hii familia yake ya matapeli. Non hakumngoja. Alimtoa Mabli kwenye kigari akamnyooshea.

"Mikono ina jasho," Baba alisema, akirudi nyuma. "Ngoja nioge kwanza. Nina mafua pia, nadhani."

Ndipo nilipoelewa, na nikaona Mama naye ameelewa. Miezi yote ile Baba alikuwa amemsukuma Mabli kigarini, amemnunulia midoli ya dubu, amemwimbia kutoka mlangoni. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona amembeba, kama mtu anayeogopa kushika kitu ambacho hajakilipia.

"Mshike, Baba," Non alisema. "Ni wako."

Alikaa kwenye kizuizi cha chuma kilichobaki, maana miguu ilikuwa imekwisha kabisa. Alipanguza mikono kwenye pazia la kanisa, mbele na nyuma, akalipokea lile furushi. Mabli alimkazia macho. Kisha akamkamata pua kwa ngumi nzima na kuivuta kwa nguvu, kama mtu anayetaka kuona imeshikiliwa na nini. Baba aliinamisha uso wake ili avute vizuri.

Yule mfanyakazi wa glavu alikuja, akasimama mbele yetu. Lori lilikuwa linanguruma.

"Mzee, samahani, nahitaji hicho kizuizi."

Baba yangu, ambaye asubuhi nzima aliwapisha ndizi na ng'ombe na mashine za kufulia, hakuinua hata kofia.

"Ngoja kidogo, bwana," alisema. "Nimebeba mtoto."